Msomee Kabla Hajatia Dole

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu Zuwena,

Ama baada ya salamu, sie huku hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, na hilo unalijua. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu unaniambia "baba nimekuelewa", na mimi bado sijasema. Barua hii Khamis atakuletea bandarini Malindi asubuhi ya safari. Iweke kwenye mkoba wa mkononi, usiitie kwenye begi kubwa, na usiiache Dar.

Kazi umeipata, alhamdulillahi. Nimelisema msikitini baada ya isha, sikuweza kujizuia: mwanangu ni mthamini, kasoma Chuo Kikuu Ardhi, kaitwa Kanda ya Ziwa. Wazee wakaniombea. Halafu Mzee Faki akauliza, anakwenda kuthamini nini? Nikasema kijiji. "Kijiji kizima?" Kizima, kinahamishwa, pana mgodi wa dhahabu wa shimo la wazi unakuja. Mzee Faki hakuuliza tena, akatazama viatu vyake. Tokea usiku ule usingizi umenipungua.

Jambo langu ni moja. Usimtie mtu dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa akaifahamu. Asomewe kwa lugha yake, si kwa Kiswahili cha ofisini, na asomewe yote, hata ule mstari wa chini wenye maandishi madogo. Akikuambia "mwanangu mie nakuamini, nionyeshe pa kutia", hapo ndipo usimame usome tangu juu.

Uliniambia sababu ya watu kuhamishwa, na nimeifahamu. Dhahabu yenyewe ni gramu chache tu ndani ya tani nzima ya jiwe, kwa hiyo lazima mlima wote uvunjwe. Wanapasua kwa baruti, mawe yanaruka, nyumba zinapata nyufa, vumbi halina mpaka, na kifusi nacho kinataka mahali pake pa kumwagwa, pengine pakubwa kuliko shimo. Sawa. Mtu hawezi kulala karibu ya baruti. Lakini angalia, Zuwena: kwa kuwa sababu ni ya kweli, watu wa ofisi hudhani kila kinachofuata ni haki. Sababu ya kumhamisha mtu inaweza kuwa nzuri na hesabu yake ikawa mbovu.

Lile daftari lako la chuo uliloliacha juu ya kabati nimelisoma lote. Umeandika vizuri, mwandiko umeurithi. Mna Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, na fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Mna posho ya usumbufu. Mna posho ya makaazi, kodi ya miezi 36. Mna posho ya usafiri, mzigo wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20. Hapo kwenye tani 12 nilisimama muda mrefu. Kinu, jiwe la kusagia, milango, ghala la nafaka, hayo yatapimika. Jirani anayekuja usiku uchungu ukimshika mkeo, yeye yumo kwenye tani ya ngapi? Najua utasema, baba, hiyo si kazi ya mthamini. Haya. Lakini uliza kama majirani watapelekwa pamoja au watatawanywa, uliandike hata kama fomu haina nafasi yake. Andika pembeni.

Najua pia kuwa ardhi si jambo la Muungano, sheria za huko si zetu. Dole gumba ni lile lile.

Ya shimo la mchanga la kwetu, lile lililowahamisha watu wetu, siyarudii, ulikuwa darasa la tano, unayakumbuka. Wewe unakumbuka gari na vumbi na kuhama kwa kina Mwanaisha katikati ya muhula wa skuli. Sie wakubwa tunakumbuka mengine. Tunakumbuka kungoja. Zile eka tatu alizopewa babu yako baada ya Mapinduzi ya 1964 hazikuwa za kuuzwa, hati yake ndivyo isemavyo, kwa hiyo tulijua ardhi ni ya Serikali na sie tutalipwa miti na nyumba. Wakaja wakahesabu. Wakasema kuanzia leo usipande cha kudumu, usijenge. Mzee Makame makuti yake yalikuwa yameoza upande wa mashariki. Hakuezeka. Akasema nyumba imeshaandikwa, nikitia makuti mapya ni hasara yangu. Masika ikamwingilia ndani, na vuli ikamwingilia tena, kifua kikambana, na fedha bado ziko mjini. Muhogo haukupandwa. Migomba ikaachwa. Kijiji kikaanza kufa kabla tingatinga halijafika.

Kwa hiyo niliposoma kwenye daftari lako kwamba kwa sheria ya 2016 fidia ikipita miezi 6 haijalipwa inatiwa riba, na ikipita miaka 2 uthamini umekufa unaanza upya, nilifurahi kuona kuna mtu ameliona hilo. Halafu nikafikiri. Miezi sita kwenu ni karatasi. Kwa mkulima ni msimu. Waambie watu siku ya kwanza, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kwamba mahindi na muhogo wapande tu wakati wanangoja, na kama ofisi yenu hairuhusu, basi waambiwe wazi haruhusiwi nani, kupanda nini, mpaka lini. Mtu akishachorewa X nyekundu ukutani hujiona kama mgeni ndani ya nyumba yake. Usiruhusu X ipakwe halafu mkapotea.

Na miti. Huku kwetu, unajua, ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Mnazi mmoja una warithi wanne, mwembe ni wa mwanamke aliyeolewa Makunduchi, mshelisheli ni wakfu wa msikiti. Wale waliokuja na fomu walikuwa na mstari mmoja na jina moja, jina la mwanamme aliyesimama mbele. Sijui huko ziwani mambo ya miti yakoje, na ndiyo maana nakuambia uulize. Waulize wanawake, uwaulize peke yao, jikoni, si kwenye mkutano. Nani kapanda? Nani anavuna? Nani akifa anarithi? Kisima kachimba nani? Ng'ombe wananyweshwa wapi na njia yao inapita wapi, maana shimo likichimbwa njia inakatika hata kwa wale ambao hawakuhamishwa.

Makaburi usiyaache mwisho. Uliniambia wenyeji wa huko wengi wanazika hapo hapo nyumbani, na kwamba ipo sheria ya kuhamisha makaburi tangu 1969. Sheria ipo, lakini kaburi la mtoto mchanga halina jiwe, mama yake tu ndiye anayejua lilipo. Usipomuuliza hatalitaja mbele za watu. Na ukimuuliza, kaa chini kwanza, usimuulize umesimama na kalamu.

Narudi kwenye lile langu. Msomee. Utachoka, watu watakuwa mia, jua kali, dereva atapiga honi, mkubwa wako atakuambia Zuwena leo tunataka fomu arobaini. Msomee hivyo hivyo.

Mwaka wa pili ulipokuja likizo ulimwomba shangazi yako ile nakala yake ya fomu ya fidia anayoiweka kwenye mkebe wa biskuti. Ukaisoma barazani. Ukasema minazi 11, na miche hakuna hata mmoja, na makaburi hayakutajwa. Ukasema karani huyu hakumtendea haki. Ulisema kweli. Minazi ilikuwa 19 ukitia na ile isiyozaa bado, na miche miwili ya mfenesi nyuma ya jiko. Mimi nilikuwa nasuka kamba pale pale, nikaendelea kusuka.

Karani hakutoka mjini. Wao walitaka mtu mwenye mwandiko, na sheha akawaletea mtu mwenye mwandiko. Aliandika kwa herufi kubwa, ndiyo maana hukuutambua. Gari lilikuwa linaunguruma, magharibi imekaribia, na aliambiwa kwamba isiyozaa haihesabiwi, akaandika alivyoambiwa. Dada yake alimuuliza, "Umeandika yote?" Akamjibu ndiyo, akamshika mkono, akamwonyesha pa kutia. Posho ya siku ile ilinunua viatu vyako vya skuli, vile vyeusi vya kufunga. Nilikuwa nikivitazama kila asubuhi ukiondoka.

Hujaniuliza na sikukuambia. Sasa nimekuambia.

Usilie botini, kuna watu. Na usimpigie simu shangazi yako kwa hasira juu yangu, yeye anajua. Alijua tangu fedha zilipofika pungufu, na hajanitamkia neno hata siku moja, bado ananiletea bokoboko kila mfungo. Hilo ndilo zito kuliko angelinitukana.

Lakini na wewe nina neno juu yako. Wiki iliyopita ulipita Kinyasini kwenda harusi Nungwi, daladala ikasimama mbele ya nyumba yake kabisa, hukuteremka. Alikuona dirishani. Mthamini anayekwenda kuwahamisha watu hajui njia ya kwa shangazi yake aliyehamishwa? Haifai, mwanangu. Umesoma sana na nafurahi, ila kusoma kusikufanye uwe mtu wa kupita.

Zile laki mbili zimefika. Bati nimenunua 6, hazikutosha, upande wa jikoni bado makuti, lakini sitaki uongeze mpaka ulipwe mshahara wa kwanza, usije ukakopa kwa ajili ya jiko letu. Pampu ya kisima imeharibika tena. Fundi anasema ni mpira tu. Mbuzi mweupe kazaa wawili, mmoja nimemwandika jina lako. Mama yako amekufungia pilipili ya kusaga, mafuta ya nazi chupa mbili na kanga mbili za kuvaa nyumbani. Chupa zimefungwa na mfuko wa nailoni, usizilaze. Anasema kule asubuhi kuna baridi, chukua lile koti lake la buluu, na ziwani usiingie maji hata kama wenzako wanaogelea. Kichocho unakijua, si ugeni kwetu. Chandarua ununue huko huko.

Dodoma unaweza kufika kwa treni ya umeme, halafu basi. Usisafiri usiku peke yako. Ukifika tafuta kwanza msikiti, halafu tafuta bibi mmoja wa makamo akujue kwa jina, hata muuza vitumbua. Mgeni mwenye mtu mmoja anayemjua si mgeni sana.

Kuna siku nilifikiri nikuombe usiende. Mama yako akaniambia, "Asipokwenda yeye watamtuma nani?" Nikanyamaza, maana ni kweli kijiji kile kitahamishwa, uende usiende, na mimi napenda aliyeshika kalamu awe wewe. Ila nikikufikiria umekaa kwenye meza ya kukunja chini ya mwembe wa watu, na kikongwe amenyoosha mkono wake, najiona mimi. Fedha zikihesabiwa mwisho, kikongwe yule hatamkumbuka waziri wala mwenye mgodi, atamkumbuka aliyemshika kidole. Ukilazimishwa uandike "isiyozaa haihesabiwi", uliza imeandikwa wapi. Wakuonyeshe ukurasa. Wasipokuonyesha, ihesabu. Wakikuondoa kazini kwa hilo rudi nyumbani, katika zile eka tatu imebaki moja na nusu lakini inalisha, na jiko litakuwa limeshaezekwa.

Shimo letu siku hizi limejaa maji, limeota matete pembeni. Juzi tumemtoa mtoto wa Khatibu, mzima, alhamdulillahi, alikuwa akifuata mpira. Mchanga ulikwenda zake mjini ukajenga majumba. Gari zilipoacha kuja hakuna aliyerudi kufukia. Waulize hao wa mgodi na hilo: siku dhahabu ikiisha, shimo ni la nani? Uliza mapema, wakati bado wanahitaji saini.

Kabla hujapanda boti mpigie shangazi yako. Simu yake haisikiki vizuri. Usimtajie minazi. Mwambie unakwenda safari, umwombe dua, na umuulize ile miche miwili ya mfenesi ilikuwa upande gani wa jiko, maana nataka nipande mingine kwake Idi hii na sikumbuki.

Wasalaam,
Baba yako