Daftari liwepo matangani

Bwana Mhariri,

Tanzia zinazosomwa huku kwetu Lamu, iwe kwa kipaza sauti cha msikiti, redioni au kwenye simu, huwa na jina la marehemu, jamaa zake, saa ya sala na makaburi atakakozikwa. Kwa kazi ya kuwaita watu maziko zinatosha. Shida ni kwamba kwa familia nyingi tangazo hilo ndilo andiko la kwanza na la mwisho juu ya mtu aliyeishi miaka 70. Ukiuliza habari zake mwaka ukishapita, utaambiwa alikuwa mpole, mcha Mungu, mtu wa watu. Huenda ni kweli tupu, lakini maneno hayo humwenea kila maiti, na mjukuu atakayezaliwa kesho hatajua kutokana nayo babu yake alikuwa nani.

Ombi langu kwa wasomaji wako ni moja: katika siku tatu za matanga, daftari liwepo. Siku hizo ndizo pekee ambapo ndugu wa Faza, shangazi wa Malindi, nahodha aliyesafiri naye na jirani wa utotoni hukaa chini ya paa moja wakimtaja mtu mmoja. Hitima ikishasomwa, watu hushuka gatini kupanda boti za Mokowe, upande wa bara, na mkusanyiko huo haurudi tena mpaka kifo kingine, ambacho pengine kitakuwa cha mmoja wa hao waliokuwa wakijua.

Anayeandika asiwe mfiwa mwenyewe. Mpeni kazi hiyo mpwa au mjukuu mwenye mwandiko unaosomeka, na bora wawe wawili: mmoja akae na wanaume dakani, mwingine aingie ndani kwa wanawake. Nusu ya pili ndiyo husahaulika, ilhali huko ndani ndiko wanakojua nani alimlea, alinyonya kwa nani, aliposa mara ngapi na watoto wangapi walikufa wachanga kabla ya hawa walio hai. Nunueni daftari la jalada gumu. Andikeni upande wa kulia tu kwa biro nyeusi, upande wa kushoto muuache mtupu kwa masahihisho. Kila habari iwe na jina la aliyeisema.

Mtu huyo alikuwa ndugu, alikuwa mume, alikuwa baba, na kila mmoja wa hao watatu ameshika kipande ambacho wenzake hawana.

Ndugu anajua mwanzo. Mwulizeni nasaba mpaka babu wa nne, mtaa aliozaliwa, jina la utoto, chuo alichosoma Kurani, kazi ya kwanza na mshahara wake. Hapa ndipo tarehe huanza kupotea. Mzee atakwambia kaka yake alizaliwa Mfungo Sita, siku chache kabla ya Maulidi. Huo ni mwezi wa Rabiul-Awwal, nao hauna Machi wala Julai ya kudumu, kwa sababu mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 10 au 11 na miezi yake huzunguka misimu yote. Miaka 33 ya Hijria ni karibu sawa na miaka 32 ya kalenda ya serikali, kwa hiyo anayehesabiwa na wazee kuwa wa miaka 66 ana 64 kwenye kitambulisho, na wote wawili wako sahihi. Andikeni alivyosema mzee, kisha mtafute mwaka kwa tukio ambalo tarehe yake inajulikana: je, alikuwa ameshaingia chuoni wakati wa Uhuru wa 1963? Alikuwa ameoa alipofariki Mzee Kenyatta, Agosti 1978? Familia zilizohama vijiji vya upande wa Kiunga wakati wa vita vya waasi wa shifta, miaka ya 1960, hupanga umri wa watoto wao wote kwa uhamaji huo. Na mkikuta kwenye kitambulisho tarehe 1 Januari, msiinakili kana kwamba ni siku ya kuzaliwa. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba siku yenyewe haikujulikana.

Hata siku ya kufa huzua ubishi. Kwa hesabu yetu siku huanza magharibi. Aliyefariki Alhamisi saa 2 usiku amefariki usiku wa Ijumaa, na wanawe watashikilia hivyo maisha yao yote, ilhali cheti cha kifo kitaandikwa Alhamisi. Andikeni kwa urefu: Alhamisi saa 2 usiku, kuamkia Ijumaa. Maneno hayo machache yatazuia ugomvi wa miaka.

Mke ana mambo ya nyumbani na ya deni, na kwake inahitajika adabu zaidi. Yuko edani, miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue ikiwa ni mjamzito, kwa hiyo asiyekuwa maharimu wake asimwendee na daftari. Aketi naye binti yake au dada yake, wala si siku ya kwanza. Mwulizeni kwanza mahari. Yakiwa hayakulipwa yote, kiasi kilichobaki ni deni juu ya mali ya marehemu, nalo hutolewa kabla ya urithi kama deni la duka au la mafuta ya mashine. Wajane wengi hunyamaza kwa haya, na wenye kugawa hunyamaza kwa sababu hakuna aliyeuliza. Halafu mwulizeni amana. Wanaume wa huku huwekeana vitu: hati ya shamba ya jirani, dhahabu ya mtu aliyesafiri, fedha za chama cha msikiti. Kasha likifunguliwa bila maelezo, amana ya mtu huhesabiwa mali ya marehemu, na mwenyewe akija kudai baada ya miezi sita huonekana mwongo. Deni analodaiwa na analodai, amana na wasia viwe na ukurasa wao, kila kimoja na shahidi wake.

Ukurasa wa warithi nao uandikwe mapema, wakiwa wote wamekaa, kwa sababu jina moja likikosekana hesabu yote hubomoka. Chukueni mfano wa shilingi 840,000 zilizobaki baada ya gharama za maziko, madeni na wasia. Marehemu ameacha mama, mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mke ana thumuni, 105,000. Mama ana sudusi, 140,000. Zinabaki 595,000, kila mwana apate 238,000 na binti 119,000. Akitokea mwana wa tatu wa mke aliyeachwa zamani, aliyeko Mombasa na hakutajwa, kila mwana hushuka hadi 170,000 na binti hadi 85,000. Wakiwa wameshagawana na kutumia, nani atarudisha? Na kaka wa marehemu, hata kama ndiye aliyesimamia matanga yote kwa mfuko wake, hana fungu la urithi madhali kuna mwana wa kiume. Alichogharamia kwa ajili ya maziko kiandikwe, maana hicho anaweza kurudishiwa. Barua ya chifu inayopelekwa kwa Kadhi huhitaji majina haya haya, kwa hivyo ukurasa huo hautapotea bure.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Mohamed, Muhammad na Mohammed msikitini ni mtu mmoja, lakini benki na ofisi ya ardhi huwahesabu watatu mpaka iletwe hati ya kiapo. Kitambulisho cha marehemu hurudishwa serikalini kifo kikiandikishwa, kwa hiyo kitolewe nakala kabla hakijaondoka mikononi, pande zote mbili. Aliyefia nyumbani taarifa hupitia kwa naibu wa chifu. Aliyefia hospitalini hospitali ndiyo huijaza. Msiache miezi 6 ikapita, kwani baada ya hapo huwa ni kuandikisha kwa kuchelewa, njia ndefu yenye maswali mengi. Laini yake ya simu pia isitupwe wala isitolewe fedha na aliyebahatika kujua namba ya siri, maana hizo tayari ni za warithi wote.

Mtoto ndiye mwenye miaka ya mwisho: dawa, safari za hospitali, watu aliokuwa akiwapigia simu, aliyosisitiza kabla ya kufa. Haya ni mepesi kuyapata. Kazi ngumu, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote, ni kuandika kazi ya mikono yake.

Msiulize alikuwa fundi wa namna gani, mtajibiwa alikuwa hodari. Leteni vyombo vyake mbele ya aliyefanya naye kazi. Mpeni mzee tezo ya marehemu, shoka lake la kuchongea, aishike, mpini ulioliwa upande mmoja ambapo kidole gumba kilikuwa kikikaa, naye ataanza kusema mwenyewe kwamba huyu alichonga kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana kwenye chombo alisimama ng'ambo ya wenzake. Kutoka hapo ulizeni vitu. Mkuku, uti wa chini wa chombo, aliupenda wa mti gani? Mbao za mbambakofi alizitoa wapi? Mataruma, yaani mbavu za chombo, ya mti wa mlilana alikata mwezi gani, na aliyachagua vipi yaliyopinda yenyewe kichakani? Pamba ya kalafati, ya kuziba nyufa za mbao, aliilowesha mafuta gani, deheni ya kupaka chombo aliichanganya chokaa kiasi gani na shahamu, na chombo kilipandishwa mchangani kila baada ya muda gani? Aliyekuwa mkata boriti za mikoko aulizwe korija ngapi, yaani ishirini ngapi, zilipakiwa jahazini, akitofautisha kwa unene pau, mazio na boriti. Aliyekuwa mvuvi, alitega wapi wakati wa kusi na wapi wakati wa kaskazi. Kurasa mbili za majibu ya namna hiyo zinamrudisha mtu mwenyewe, na za tatu na nne ni elimu ambayo Matondoni na Shela wataihitaji wakati hakuna wa kumwuliza.

Mkirekodi kwa simu, ombeni ruhusa kwanza. Zimeni panka, maana ndiyo huua sauti kuliko kelele za watoto, ilazeni simu juu ya leso iliyokunjwa mbele ya msemaji, na mwanzo kabisa mtaje jina lake, tarehe na mahali. Nusu saa inatosha kwa mzee. Anayesema asikatizwe kusahihishwa na wanaomzunguka. Wao watapewa zamu yao.

Karatasi za marehemu zisichomwe siku ya kusafisha chumba. Wazee wengi wa Lamu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na vijana wakiziona hudhani ni dua au hawajali. Ndani yake huwa mna orodha za madeni, mashairi, mapishi ya dawa, tarehe za kuzaliwa watoto. Zisomeni na mtu wa rika lake, tena mapema, kwa kuwa mwandiko wa zamani hautofautishi sauti zote: ba yaweza kuwa b, p au mb, na fa yaweza kuwa f au v. Anayemjua aliyetajwa ndiye atakayesoma jina sawasawa. Mwanachuo wa mbali atakisia tu.

Picha zilizogandana na kioo cha fremu, jambo la kawaida kwa unyevu wa pwani, zisibanduliwe. Uso utabaki kiooni. Pigeni picha juu ya kioo, simu ikiwa imeinama kidogo kukwepa mwako, mchana kivulini, bila taa. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, kwa sababu biro hugandamiza na wino wake hupenya. Majina yaanze kushoto kwenda kulia, safu kwa safu. Msizivike nailoni ya kuyeyushwa kwa joto, haivuliki tena. Mifuko ya plastiki iliyofungwa nayo huotesha kuvu. Bahasha za karatasi, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni mchwa wasifikie, zinatosha.

Siku ya tatu jioni, kabla watu hawajatawanyika, someni daftari kwa sauti, ndani na nje. Mtashangaa jinsi watu wanavyosahihisha wanaposikia ambavyo hawakusahihisha walipoulizwa. Yenye ubishi yaandikwe yote mawili, na majina ya waliobishana. Yaliyo aibu ya marehemu au siri ya mtu aliye hai yaachwe. Kisha zitolewe nakala tatu: moja ibaki kwa mjane, moja kwa mtoto mkubwa, moja iende kwa jamaa aliye mbali na Lamu, maana moto au mvua haipigi nyumba mbili.

Zile kurasa za kushoto msizijaze wala msizikate. Yule dada aliyekosa boti siku ya maziko atafika wiki ya pili, na ndiye anayelijua jina la mkunga.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu