Lile jiwe lina wenyewe

Mhariri,

Nawasoma mwaka wa kumi na kitu huu na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, hata ile siku mlipochora ramani mkaiweka Mombasa kusini mwa Ukunda nilinyamaza, nikasema binadamu hukosea. Lakini hii taarifa ya yule kijana mpiga video aliyelia ati amenyanyaswa kule Uluru, lile jiwe kubwa jekundu lililo katikati ya jangwa la Australia, imenikaa kooni. Mnaikumbuka, mliipa nafasi kubwa na picha yake juu, amekumbatia kamera kama mtoto aliyeopolewa kisimani. Anasema mbuga ya taifa ni mali ya umma, anasema jiwe ni jiwe tu, anasema kudaiwa kibali cha kupiga video ni ulaji uliovaa sare. Na mwandishi wenu akayaandika yote vile vile, hakupiga simu hata moja kumuuliza mtu wa upande wa pili. Kwani simu siku hizi ni bei gani?

Mimi naishi Alice Springs. Kutoka hapa hadi Uluru ni kama kilomita 450, saa tano kwa gari, na kwa huku jangwani hao ndio majirani. Kwa hiyo nisiambiwe nazungumza nisichokijua.

Kwanza hiyo "mali ya umma". Ile ardhi ni ya Waanangu, wenyeji wa asili wa pale. Walikabidhiwa hati tarehe 26 Oktoba 1985, na wao wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99 iendelee kuwa mbuga. Mpangaji ni serikali, wenye nyumba ni Waanangu, na kwenye bodi inayoendesha mbuga yenye watu 12, wanane ni wao. Sasa mtu unaingia nyumba ya watu, unaanza kusogeza makochi upate picha nzuri, ukiulizwa unasema mimi si nimelipa mlangoni? Ulilipa kutazama bwana! Picha zako za familia hakuna anayekukataza, ila zipo sehemu zisizopigwa na vibao vimewekwa. Ukija na kazi ya pesa, tangazo au video ya muziki, unaomba kibali mapema na unalipa ada, ilikuwa dola 250 kwa siku kwa filamu na dola 20 kwa picha za mnato. Huyo kijana anasema mwenyewe kwamba lenzi yake moja ni dola elfu tatu. Halafu 250 ndiyo imemtoa machozi.

Lakini kilichonichemsha hasa si pesa, ni aibu yangu mwenyewe, na ngoja niitoe leo niimalize. Mwaka 2022 nilikodiwa na kikundi cha watu watano waliokuja kupiga tangazo la kampuni ya utalii, sitaitaja manake sitaki kesi. Mimi dereva, mimi mkalimani, mimi mpika chai. Kibali hawana. Nikamuuliza dairekta, akaniambia bro sisi ni familia, huyu ni shemeji, yule ni binamu, tumekuja likizo. Familia gani ina kamera nne na mtu wa sauti? Nikanyamaza, manake nilikuwa nimeshalipwa nusu. Tukafika upande wa kaskazini mashariki wa lile jiwe, jua linatoka, rangi ile unayoiona kwenye kadi za posta inaanza kupanda kama makaa yanayopulizwa, na pale pale mbele yetu kuna kibao kinachosema sehemu hii usipige picha. Dairekta akatazama kwenye kamera, kibao kinaingia kwenye fremu. Akanipa rifleka, lile duara la fedha linalofanana na kawa la kufunikia chakula, akaniambia simama hapo ukizibe. Nami nikasimama. Mhariri, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na moja, mjukuu wa mzee wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa kwetu, nilisimama robo saa nzima nimeshika kawa nimeziba kibao cha watu ili wenzangu wapige walichokatazwa, na mkono ukiuma nabadilisha mkono.

Renja, yaani askari wa mbuga, wakaja wawili, kijana wa kizungu na mama mmoja mtu mzima wa Kianangu, kofia imeshuka hadi machoni. Nilitarajia ukali. Yule mama hakupandisha sauti hata kidogo. Wakaomba kibali, hakuna, wakaomba waonyeshwe kilichopigwa. Dairekta akafungua kile kiskrini cha kamera akamwelekezea yule mama, na yeye akageuza uso akatazama nyasi. Kijana wa kizungu ndiye aliyetazama. Klipu kumi na saba zikafutwa moja moja, nilizihesabu, na muda wote huo mama kageukia kule kule kwenye nyasi. Mimi mwanzo nikadhani amekasirika. Baadaye ndipo nikaelewa, pale kuna sehemu ambazo habari zake ni za wanaume peke yao na nyingine za wanawake peke yao, ndiyo sheria yao, Tjukurpa wanaiita, na yeye hajui hawa wajinga wamechota nini humo ndani, huenda kwenye hicho kiskrini kuna kitu ambacho yeye si haki yake kukiangalia. Yaani tulimfanya mwenye nyumba afumbe macho nyumbani kwake! Ndiyo maana pale unaruhusiwa kupita kwa miguu na kuangalia kwa macho yako, ila kamera hapana. Maumbo ya lile jiwe kwao ni kama maandiko matakatifu, yanasomwa pale pale yalipo na kwa yule anayestahili. Picha haichagui. Ikishatoka hapo itamfikia mwanamke, itamfikia mwanamume, itamfikia mtoto yuko kitandani na simu, na hakuna mzee wa kusema wewe geuka.

Kabla hawajaondoka yule mama akaniuliza mimi, wengine hakuwauliza, kwenu wapi? Nikasema Afrika, pwani. Akasema, na huko wazee wako hawana mahali? Akapanda gari wakaenda. Basi.

Wanapo mama, wanapo. Mimi ni Mdigo wa Ukunda, pwani ya Kenya, nimezaliwa karibu na Kaya Kinondo, ukitaka kuingia mle unafungwa kaniki nyeusi kiunoni hata kama wewe ni balozi, na hutoki na jani wala kijiti. Babu yangu alikuwa hata kidole hanyooshi kuelekea ule msitu, anaonyesha kwa kidevu. Na bado nilishika kawa.

Halafu huyo kijana wenu anasema dunia imebadilika, kila kitu kiko mtandaoni. Si kweli. Kupanda juu ya Uluru kulifungwa tarehe 26 Oktoba 2019, na mwaka uliofuata mbuga ikaiomba Google iondoe kwenye ramani zake picha zilizopigwa kule juu, na Google ikaziondoa. Google! Kampuni yenye pesa kushinda nchi zetu kadhaa ukizijumlisha imeelewa, ila mpiga video wa harusi kutoka Melbourne ndiye hajaelewa.

Sisemi kwamba wakubwa wa mbuga ni malaika. Kule Kakadu, kaskazini, kuna maporomoko ya Gunlom, ndiyo yale yaliyoonekana kwenye Crocodile Dundee, ile filamu ya mwaka 1986 ya jamaa wa mamba iliyotazamwa dunia nzima. Wakuu wa mbuga wenyewe wakajenga njia ya watalii karibu mno na sehemu takatifu ya wanaume wa Kijawoyn, wenyeji wa asili wa kule, Gunlom ikafungwa mwaka 2019, na kesi ikafika hadi Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2024 ikasema kinga hawana, wanaweza kushtakiwa kama mtu mwingine yeyote. Hiyo ndiyo habari ambayo mwandishi wenu angeifukua kama kweli anapenda kuwakaba wenye sare. Lakini hiyo inataka kusoma.

Na tukiwa hapo hapo kwenye makamera, kuna jambo lingine linaniuma. Huku mtu wa kwao akifariki jina lake halitajwi kwa muda mrefu, na aliye hai mwenye jina kama hilo Waanangu watamwita Kunmanara mpaka matanga yapite. Hata televisheni zinaweka onyo kwanza, kwamba kipindi kina sura za watu waliofariki. Sisi je? Mwaka jana ami yangu kafariki Ukunda, mimi niko huku, nikaona mazishi laivu kwenye simu. Nashukuru nilimzika ami kwa macho, ndiyo. Lakini kuna kijana wa mtaani kaingia mpaka kwenye mwanandani na simu, sanda inapokewa yeye anasema "wale mnaojiunga sasa hivi karibuni sana, gongeni laiki", na shangazi yangu analia pembeni anaombwa asogee kidogo anaziba mwanga. Video bado iko. Nimeomba ifutwe mara tatu, nimejibiwa imeshapata watazamaji elfu arobaini ni hasara kuifuta. Tena mtu huyo huyo ukimwingilia chumbani kwake na kamera ataita polisi.

Haya, nisije nikaandika kitabu. Pendekezo langu ni hili. Mwambieni huyo kijana aje Kinondo. Kaniki nitamnunulia mimi, mita mbili zinamtosha, kamera na simu ataziacha kwa muuza madafu pale njia panda, tutamwandikia na risiti. Azunguke mle msituni na mzee mmoja kwa saa mbili, asiulize wifai, na kila mzee atakapomwambia "hapa tazama chini" atazame chini. Mwandishi wenu aende naye ashike kawa. Akitoka bila kulalamika, zile dola 250 za kibali cha Uluru namlipia mimi.

Lakini ni za siku moja tu. Ya pili ajilipie.

Mdigo wa jangwani
Alice Springs