Barua ya wazi kwa mjomba wangu wa Makorora

Shikamoo mjomba. Utauliza kwanini sikupigi simu, nimepiga, umesema "mzima kabisa" ukakata, ndo maana nimeamua kuandika huku maana watu wa aina yako Tanga hii wapo kibao.

Mama mdogo kanambia mdomo umekauka mpaka ugali haushuki, choo kigumu, mkojo unatoka matone, na usiku unaongea na watu ambao hawapo. Washaanza kutaja majini. Kisomo mimi sikikatai, ila tuanze na kile kimfuko cha dawa chini ya mto.

Piriton unameza kila usiku upate usingizi, mafua huna. Amitriptilini ulipewa kwa ajili ya miguu inayowaka moto, hii ya kisukari. Tumbo likisokota unaongezea Buscopan. Kila moja umeitoa sehemu yake, hakuna aliyewahi kuziona zote pamoja, na zote tatu zinamzuia asetilikolini, kemikali ambayo mishipa ya fahamu inaitumia kuuambia mwili toa mate, sukuma chakula, bana kibofu, toa jasho. Dawa inakaa pale ambapo asetilikolini ilitakiwa ikae, kama mtu aliyekalia kiti cha fundi cherehani, kushona hashoni na fundi mwenyewe hapati pa kukaa. Basi mate yanakata, utumbo unazembea, kibofu kinalegea, macho yanaona ukungu, moyo unaenda mbio. Na jasho likipungua kwenye joto la Tanga la mwezi wa kwanza, mwili unachemka wenyewe.

Kichwani ndo kwenyewe sasa. Buscopan haipenyi sana huko, ila hizo mbili zinapenya, na ubongo unaitumia asetilikolini kwenye kumbukumbu na kuwa makini. Kijana anasinzia tu, mtu wa umri wako anaweza kuchanganyikiwa kabisa. Unaujua mnanaha, ule unaoota majalalani? Mtu akila mbegu zake anaweweseka, kwasababu ndani yake kuna atropini, dawa ya ukoo huohuo. (Atropini hiyohiyo hospitali wanaokolea waliokunywa sumu za wadudu za shambani, kwahiyo sisemi dawa hizi ni mbaya, nasema zimekurundikia.)

Na hiyo tezi dume yako mjomba, usiifiche kwa daktari kwa aibu, maana kama njia ya mkojo ilishabanwa na hiyo tezi halafu kibofu nacho kimelegezwa, mkojo unaweza kugoma kabisa. Ukigoma na tumbo la chini likajaa usisubiri kukuche, nenda hospitali usiku huohuo.

Amitriptilini usiikate ghafla kwa kichwa chako, madaktari ndo watakuelekeza kuipunguza au wakubadilishie. Wewe beba mfuko wote kama ulivyo upeleke kliniki ya sukari, na Piriton iwemo, maana najua hiyo huwa huihesabu kama dawa.