Barua kwa mwanangu: nyota yenye pembe tatu

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma habari ya ile pete ya kushikia lenzi, ambayo tundu lake lilikutoka finyu. Umeandika kwa aibu, kwa hiyo nami nitakupa yangu, ambayo mama yako hadi leo hunicheka nayo.

Ilikuwa pete ya alumini ya kushikia lenzi ya darubini, tundu lake milimita 100. Nilikuwa na haraka. Nilipomaliza kukereza nikapima hapohapo, pete bado ina joto la mashine, na kipimo kikaja barabara. Nikatoka kifua mbele. Sasa piga hesabu: kwa kila nyuzi 1 ya joto, alumini hutanuka takriban mikroni 23, yaani sehemu 23 za elfu za milimita, katika kila mita. Pete ilizidi joto la chumba kwa nyuzi kama 15, basi ilipopoa, tundu likanywea mikroni 34 hivi. Nafasi niliyoiachia lenzi ilikuwa mikroni 40.

Chumbani lenzi iliingia vizuri tu. Usiku tukaitoa darubini nje, kwenye baridi. Kioo hunywea kama theluthi ya alumini, kwa hiyo pete ikakibana, tena mahali patatu, kwa sababu taya tatu za mashine, zilizoishika nilipokuwa nakereza, zilikuwa zimeminya duara lake. Nikatazama nyota: ina pembe tatu!

Wakubwa nao hupatwa. Kioo kikuu cha Hubble, ile darubini ya angani, chenye kipenyo cha mita 2.4, kiling'arishwa kwa ustadi mkubwa, ila kwa umbo lisilo lake. Ukingoni kilizidi kuwa bapa kwa mikroni 2 hivi. Chanzo: lenzi moja katika kifaa cha kupimia umbo hilo ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Vifaa vingine vya kupimia, vya kawaida zaidi, vilionyesha kasoro, vikapuuzwa. Ilirushwa 1990, wanaanga wakaifuata hukohuko juu 1993 kuirekebisha. Kinachoniuma ni vile vifaa vilivyosema kweli.

Pete yako usiitupe. Tundu finyu huongezwa. Likishapitiliza ndipo huna la kufanya. Iache mezani usiku kucha, chumba kiwe nyuzi 20, uipime asubuhi bila kuishika kwa kiganja. Kazi itakuwa kuirudisha katikati ya mashine, na hapo mwombe fundi mkubwa asimame nawe. Legeza taya kidogo kabla ya mkato wa mwisho.

Kisha niandikie umekuta ngapi.

Baba yako