Redio za Pwani, mtajeni na mtunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako niseme na watangazaji wa redio zetu za Pwani, na nikishamalizana nao nina maneno mawili matatu na gazeti lako pia. Wimbo ukipigwa, mnatutajia aliyeimba, basi. Aliyetunga hatajwi. Na produsa, yule aliyekaa studio akapanga ala, akaamua kipi kiingie na kipi kitolewe, huyo ndiyo kabisa, kana kwamba hakuwako.

Nimepiga kibodi katika bendi za hoteli za Pwani ya Kaskazini, Nyali mpaka Mtwapa, hadi vidole viliponiambia sasa pumzika. Katika kazi ile kuna wimbo mmoja hauepukiki. Mgeni hajamaliza kupokewa mizigo, bendi ishaingia na "Jambo Bwana". Nimeupiga kwa Wajerumani, kwa Waitaliano, kwenye harusi za watu wa Tudor na kwenye karamu za mawakala wa bima. Sasa waulize vijana wanaoupiga leo kwamba ni wa nani. Mmoja atakwambia ni wa Boney M, lile kundi la disko la Ulaya. Mwingine ataapa kuwa ni wimbo wa jadi, hauna mwenyewe. Mwenyewe yuko. Ni Teddy Kalanda Harrison, aliyekuwa kiongozi wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa Kilifi iliyoanza mwaka 1972 na ikalelewa na hizi hizi hoteli zetu. Santuri ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Boney M wakaurekodi kwa namna yao 1983, na bendi za huku, Mombasa Roots na Safari Sound zikiwemo, kila moja ikautoa kivyake. Wimbo ukishapendwa hivyo watu hudhani umejiotea wenyewe. Lakini kuna mtu aliyeyachukua maamkizi tunayompa mgeni kila siku, akayapa sauti ambayo hata asiyejua neno la Kiswahili huishika kabla ya ubeti wa pili. Anayeona ni kazi nyepesi na ajaribu.

Kabla ya Teddy alikuwako Fundi Konde, na huyu ndiye anayeniuma zaidi. Alizaliwa 1924, Mgiriama. Wakati wa Vita vya Pili alichukuliwa na KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku, katika kikosi cha burudani, akawatumbuiza askari hadi Burma. Aliporudi akarekodi santuri za HMV, kampuni ya Kiingereza, na ni miongoni mwa wa mwanzo kabisa nchini kupiga gitaa la umeme kwenye nyimbo za Kiswahili. Maneno yake mwenyewe, sauti yake mwenyewe, gitaa lake mwenyewe, kisha akafanya na kazi ya studio. Siku hizi kijana wa Kisauni akitunga, akaimba na akatengeneza biti yake kwenye kompyuta chumbani, tunamwita msanii wa kisasa. Mzee huyu alikuwa kwenye njia hiyo kabla hata Kenya haijapata uhuru. Miaka ya 1990 Them Mushrooms walimrudisha studio, na 1994 ukatoka mkusanyiko wa nyimbo zake za 1947 hadi 1956. Amefariki 2000. Ningekuwa na kauli kwenye Kaunti, barabara moja ya Mombasa ingeitwa kwa jina lake kesho asubuhi, lakini hilo ni la barua nyingine.

Redioni wimbo wake "Tausi" hupigwa. Mtangazaji husema, "Hiyo ni zilizopendwa," akaenda kwenye tangazo la sabuni.

Kuna atakayesema hii habari ya kumtaja mtunzi ni ya Wazungu na mawakili wao. Sivyo. Watunzi wetu wa kale walikuwa wakijitaja ndani ya beti za mwisho, jina, na mara nyingine mji na ukoo, ili kazi isije ikapotea njiani. Katika taarabu ya Mombasa kila mwenye masikio alijua kuwa sauti ni ya Juma Bhalo, na mashairi, mengi yake, ni ya Ahmad Nassir, malenga wa Mvita. Wazee wetu hawakuona tabu kuwataja wote wawili. Watu waligombana kuhusu maana ya ubeti mmoja wiki nzima, na ugomvi ule ulikwenda kwa mtunzi, si kwa mwimbaji. Sisi ndio tuliolegeza.

Na gharama ya kulegeza tunaijua. "Malaika" ni mfano ambao kila mtu anao. Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliurekodi na akaishi akiudai mpaka akafariki 2001. Adam Salim naye alishikilia kuwa aliutunga yeye tangu miaka ya 1940. Wimbo umezunguka dunia kwa sauti ya Miriam Makeba, ya Harry Belafonte na ya wengine wengi, huku nyumbani tukibishana vibarazani. Simwamui mtu hapa. Nasema tu kwamba jina lingekuwa likitajwa na kuandikwa tangu siku ya kwanza, ubishi ule ungekuwa mfupi.

Nirudi kwa hawa maprodusa, maana hapa ndipo vijana wanapochanganyikiwa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inatenganisha mali mbili ndani ya wimbo mmoja. Kuna utunzi, yaani maneno na tuni yake, na kuna rekodi yenyewe. Utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Rekodi hulindwa miaka 50 tangu ilipofanywa. Kwa hesabu hiyo, santuri za Fundi Konde za miaka ile ya mwanzo zimeshatoka kwenye ulinzi, ila nyimbo alizozitunga zinalindwa hadi mwisho wa 2050. Na tena: mwenye rekodi machoni pa sheria ni yule aliyefanya mipango ya kuirekodi, na kwa kawaida huyo ndiye aliyetoa pesa, si lazima yule aliyekaa mbele ya kompyuta. Kwa hiyo msanii akimlipa kijana wa studio, rekodi yaweza kuwa ya msanii. Lakini kijana huyo kama ndiye aliyebuni mdundo na kinanda kinachobeba kiitikio, basi anaweza kuwa mtunzi mwenza, mwenye sehemu yake kwenye utunzi. Wengi hawalijui hili. Hulipwa pesa za siku moja, hupewa ahadi ya kutajwa mwanzoni mwa wimbo (ile mbinja au jina la studio mnalolisikia kabla mtu hajaimba), na wanaridhika. Karatasi moja ya mgao, ya kusema nani ana sehemu gani, iliyotiwa sahihi na kila aliyekuwamo siku ile ile ya kurekodi, ingewaokoa.

Sheria ilirekebishwa 2022, na kwenye nyimbo za miito ya simu, zile anazozisikia mpigaji akisubiri kupokewa, mwenye haki sasa anatakiwa apate si chini ya asilimia 52 ya mapato. Vizuri sana. Lakini asilimia hamsini na mbili ya nani, ikiwa hakuna anayejua wimbo ni wa nani?

Tatizo hilo hilo liko hotelini, na hapa nasema ninachokijua kwa kazi yangu. Hoteli hulipia leseni ya muziki. Pesa hizo zinatakiwa zimfikie mtunzi wa kila wimbo unaopigwa pale, nazo haziwezi kumfikia mpaka mtu aandike ni nyimbo zipi zimepigwa. Katika hoteli nilizofanya kazi hakuna aliyewahi kutuomba orodha. Tulipiga tangu saa mbili usiku hadi saa sita, tukakunja nyaya, tukaenda zetu. Kiongozi wa bendi anao mpangilio wa nyimbo mfukoni kila usiku, umeandikwa kwa kalamu! Kuupiga picha na kuutuma kwa wanaogawa mirabaha hakuhitaji mtaalamu.

Watangazaji wananijibu, na wamenijibu uso kwa uso, kwamba wao hawaletewi habari hizo. Hapo wana haki. Wasanii wetu huwatumia wimbo kwa WhatsApp, faili limeandikwa jina la msanii na neno "mpya", basi. Hakuna mtunzi, hakuna produsa, hakuna namba ya ISRC, ile ya herufi na tarakimu 12 inayoitambulisha rekodi popote inapochezwa. Kwa hivyo nawaambia vijana wa Likoni, Majengo na Bamburi: hamtaki kusahauliwa, jazeni habari za faili kabla hamjalituma. Na mtangazaji naye akiletewa faili tupu, alirudishe. Wataudhika mara moja tu.

Kwako wewe Mhariri, nilikuahidi. Kurasa zako za burudani hutueleza msanii ameachana na nani na amenunua gari gani. Nyota Ndogo mmemwandika mara ngapi kwamba alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kabla ya kuwa nyota? Habari hiyo ni ya kweli na ni nzuri, ila imechakaa. Kazi yake ni utunzi. Mbona haulizwi ubeti wake huanzaje, kiitikio hupatikana lini, na Andrew Burchell aliyemrekodi mwanzoni alifanya nini na sauti ile hata ikatoka ilivyotoka? Mwandishi wako akimpata msanii, amuulize maswali ya kazi kwanza, ya mapenzi yaje baadaye nafasi ikibaki.

Tukitaka pa kuanzia, tuanze na vipindi vya zilizopendwa vya Jumapili. Mtangazaji apige wimbo, kisha afungue simu aulize: nani katunga, nani kapiga gitaa, umerekodiwa wapi? Wazee wanaojua bado wako, Mzizima, Kongowea, Changamwe, na wengi wao Jumapili hawana pa kwenda. Majibu yaandikwe, yalinganishwe, wiki inayofuata yasomwe. Mimi mwenyewe nitapiga simu, kama laini haitakuwa imejaa.

Mpiga kibodi mstaafu,
Kisauni, Mombasa