Laini za matapeli zinasajiliwa kwa vidole vyetu

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako. Kila siku tunaambiwa tukipata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" tuiforwadi kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Sawa, tunafanya hivyo, kesho yake inakuja meseji ileile neno kwa neno, namba tofauti. Mi swali langu, hizo namba mpya zinatoka wapi? Maana tangu Mei 2019 laini inasajiliwa kwa NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, na alama za vidole, watu tulipanga foleni za ajabu zile siku za mwisho kabla ya Januari 20, 2020, na hapo Rais Magufuli alikuwa ameshatuongezea muda kabla ule wa Desemba haujaisha, tukajua matapeli ndo basi tena.

Nendeni pale stendi chini ya miamvuli. Wale vijana wa laini wengi hawana mshahara, wanalipwa kwa laini moja moja na wana tageti ya kufikisha. Sasa anakuja mama wa watu kurudisha laini iliyopotea, anaweka kidole, kijana anaangalia kisimu chake anasema "mama hakijasoma, futa jasho weka tena", anaweka, "bado, hebu jaribu kingine". Mara nyingine kweli hakijasoma, mikono ya jembe na kufua mashine inaisumbua, ndo maana hamna anayeshtuka. Ila mara nyingine kimesoma vizuri tu, hicho cha pili kimesajili laini nyingine kwa jina lake na inauzwa pembeni kwa mtu asiyetaka kujulikana. Jirani yangu hapa Mbagala kapiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa NIDA yake, kakuta laini ambayo hajawahi hata kuishika, tena ya mtandao asioutumia!

Na laini hiyo haiishii kwenye meseji. WhatsApp na Telegram wanachotaka ni namba tu, zikiingia zile tarakimu za uthibitisho akaunti imefunguka. Hapo ndo unaona picha ya mbunge inagawa mikopo, mganga wa kurudisha mume, kazi za nyumbani zinazotaka kwanza utume hela ya fomu, na polisi wakifuatilia wanaangukia kwa yule mama aliyekuwa anarudisha laini yake.

TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, na kampuni za simu, tunachoomba ni hivi, NIDA ya mtu ikitumika kusajili laini mpya, meseji iende kwanza kwenye namba aliyonayo tayari, akijibu ndiyo ndo laini iwake, asipojibu isiwake. Asiye na namba nyingine asajiliwe ofisini kwao, sio barabarani. Benki mbona wanaweza? Kutuambia tujihakiki wenyewe ni sawa, ila bibi yangu kijijini hiyo *106# ataijulia wapi, na ukikuta laini ngeni unatakiwa ukapange foleni, na nauli juu yako, kufuta kitu ambacho hukukifungua wewe.

Halafu laini ikikutwa ya utapeli waanze na kijana aliyeisajili, jina lake si lipo kwenye mfumo, na hela yake kwa laini hiyo alishalipwa.

Msomaji,
Mbagala, Dar es Salaam