Kabla ya fimbo, tafuta maumivu ya punda wako

Mhariri,

Punda wa mkokoteni akigoma njiani, akirusha teke wakati wa kufungwa au akitaka kung'ata, hapa Tanga dawa yake huwa fimbo. Ndiyo shukrani ya punda, watu husema. Sisi tunaoshughulika na wanyama kazi tunawaomba wenye punda watafute kwanza maumivu. Punda huficha sana maumivu: anaweza kuendelea kutafuna huku anaumwa, akaonekana mpole kumbe amezubaa. Mara nyingi teke ndiyo dalili ya kwanza ambayo binadamu anaiona.

Jiulize kwanza anagoma wakati gani. Anayekataa kufungwa tu ana lake, na anayekataa mteremko ana lake. Mkokoteni usio na breki na usio na mkanda wa nyuma ya mapaja humsukuma punda kwa uzito wote wa mzigo, naye hana cha kuuzuilia ila shingo na mgongo. Huyo si mkaidi hata kidogo.

Kisha mvue kila kitu, umpapase kwa vidole, ukikandamiza kiasi: kifuani, mabegani, nyuma ya kwapa, na pande zote mbili za uti wa mgongo. Akibonyea mgongo, ngozi ikacheza palepale kila ukigusa, au akilaza masikio nyuma, hapo pana jambo. Angalia na nywele. Zilizokatika au kusimama vibaya zinaonesha msuguano wa sasa. Baka jeupe katikati ya nywele za kijivu ni kidonda cha zamani. Mkanda wa kifua upite chini ya koo na juu ya ncha ya bega, uwe na upana wa sentimita 8 hadi 10. Ukipanda unambana pumzi, ukishuka unamkata bega kila hatua. Kamba tupu ya mkonge au ya nailoni hukata ngozi, na mpira wa tairi hufungia jasho mpaka ngozi ikababuka. Zungushia kitambaa cha pamba, ukifue kila siku, maana jasho likikauka hukwaruza kama msasa.

Mzigo nao una makosa yake. Mkokoteni wa magurudumu mawili ukipakiwa mbele, miti yake inalemea mgongo. Ukipakiwa nyuma, inanyanyuka na mkanda wa tumbo unambana. Ukishapakia, inua miti kwa mkono mmoja. Ikikushinda, panga upya.

Kwato zikaguliwe asubuhi kabla jua halijapasha ardhi. Gusa zote nne kwa mgongo wa kiganja: moja ikiwa na joto kuliko nyingine, na mshipa juu yake unadunda kwa nguvu, huenda kuna usaha ndani. Masika hulainisha kwato, uchafu ukapenya. Kwato zinahitaji kukatwa kila wiki 6 hadi 10.

Punda anayerusha kichwa akivutwa hatamu, au anayedondosha nyasi alizotafuna nusu, apimwe magego. Kingo zake huota makali yanayochana mashavu na ulimi. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Tupa ya fundi seremala isiingizwe kinywani.

Usipoona kitu, daktari anaweza kumpa dawa ya maumivu kwa siku kadhaa ili tabia ilinganishwe. Mwili wa punda huondoa fenilbutazoni, mojawapo ya dawa hizo, haraka kuliko wa farasi, kwa hiyo ratiba ya dozi ya farasi inaweza kulipotosha jaribio. Asipobadilika, msiseme hana maumivu, kwani yapo yasiyosikia dawa hiyo. Na akigoma kula, msingoje kesho: mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na yanaweza kumuua.

Akipona anaweza kugoma bado, kwa kuwa anatazamia uchungu uleule. Mfungeni mkokoteni mtupu, umbali mfupi, siku chache, kabla ya kumrudishia mzigo wa ndoo za maji.

Wahudumu wa wanyama kazi,
Tanga